Nimeshinda kesi ya madai, lakini hukumu na kazahukumu hazifanani. Nifanyeje?

MamaMpunga
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, hasa wanasheria mlioko humu.

Mwaka juzi nilimkopesha mfanyabiashara mmoja mchele wa shilingi milioni 31.5. Tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, alipe ndani ya miezi mitatu. Hakulipa. Nikafungua shauri mahakama ya wilaya, na mwezi uliopita hukumu imesomwa, nimeshinda. Hakimu alisoma sehemu ya mwisho tu. Niliposikia "mdaiwa amlipe mdai" machozi yakanitoka, mengine sikuyashika.

Jana masijala wamenipa makaratasi mawili. Moja lina kurasa 14, limeandikwa HUKUMU. Jingine kurasa mbili, KAZAHUKUMU. Ukurasa wa 13 wa hukumu unasema nilipwe milioni 31.5, riba ya asilimia 7 kwa mwaka tangu siku ya hukumu mpaka deni liishe, na gharama za kesi. Kwenye kazahukumu riba haipo kabisa! Jamaa mmoja pale nje kaniambia nikate rufaa. Mwingine kasema niende moja kwa moja kwa dalali wa mahakama, yule anayekamata mali ya mdaiwa. Nishike lipi?

Mzee wa Masijala
Hongera mama, na pole kwa safari ndefu. Nimefanya kazi masijala hadi nikastaafu, hilo nimelishuhudia.

Hukumu ndiyo inayobeba sababu. Amri ya XX ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka ndani yake kuwe na maelezo mafupi ya shauri, mambo ya kuamuliwa, uamuzi na sababu za uamuzi huo. Ndiyo maana inafika kurasa 14. Kazahukumu, wengine wanaiita dikrii, haina sababu. Inataja namba ya shauri, wadaawa (yaani mdai na mdaiwa), dai, na nani kaamriwa nini. Inatokana na hukumu na lazima ikubaliane nayo. Kwako mstari wa riba umeruka wakati wa kuandaa.

kijana_wa_Igoma
Mama chukua milioni zako 31.5 uendelee na biashara. Riba itakuchelewesha bure.

MamaMpunga
Mwanangu, asilimia 7 ya hela hiyo ni 2,205,000 kwa mwaka. Hiyo ni ada ya watoto wangu. Siiachi.

Wakili Msomi
Dada yuko sahihi, asiiache.

Usikate rufaa. Rufaa ni ya asiyeridhika na uamuzi, na wewe hakimu kakupa. Kama angekunyima riba ndani ya hukumu yenyewe, hapo tungezungumza mengine. Hili lako ni kosa la uandishi, na sheria hiyohiyo inairuhusu mahakama kulisahihisha wakati wowote, yenyewe au kwa maombi ya upande wowote. Peleka maombi mahakama ileile, ambatisha nakala zote mbili, onyesha ukurasa wa 13.

Kwa dalali usiende kwanza. Kinachokazwa ni kile kilichoandikwa kwenye kazahukumu. Ukiomba utekelezaji na karatasi hiyo ilivyo, riba haitakusanywa.

Jingine la kujua: mdaiwa ana siku 90 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku alizotumia kusubiri nakala hazihesabiwi. Asikutishe nalo lakini. Rufaa peke yake haizuii utekelezaji, mpaka aombe zuio na apewe.

Hebu angalia na tarehe. Kazahukumu inatakiwa kubeba tarehe ya siku hukumu iliposomwa, hata kama imechapwa na kusainiwa baadaye.

MamaMpunga
Nimeyatandaza yote mawili mezani. Hukumu ni tarehe 9. Kazahukumu imeandikwa tarehe 23. Na jina la mdaiwa limekosa herufi moja, kwenye hukumu liko sawa.

Wakili Msomi
Basi riba, tarehe na jina, yote matatu yaingie kwenye maombi hayohayo. Ukipewa iliyosahihishwa, isome hapohapo dirishani, hukumu ikiwa mkono wa pili, kabla hujasaini kwamba umepokea.

MamaMpunga
Asante sana kaka, na wewe mzee wangu. Jumatatu asubuhi niko masijala.