Vikombe vya zamani vya bia: HB cha Mjerumani au Bass cha Mwingereza?

Mkwakwani_77: Wakuu habari za jioni. Kuna dalali hapa Ngamiani, Tanga, ana vikombe viwili vya udongo vyenye matangazo ya viwanda vya bia. Kimoja cha kijivu, kina herufi HB za buluu na taji juu yake, na kifuniko cha madini. Anasema ni cha enzi ya Mjerumani, anataka laki na nusu. Kingine ni cheupe kama maziwa, kina pembetatu nyekundu ya Bass, elfu sabini. Hela inatosha kimoja tu na anataka jibu kesho. Nichukue kipi?

Pongwe Kati: Picha?

Bibi Raskazone: Tena picha ya kitako. Mwanangu, kikombe hakinunuliwi kwa sura, kigeuze kwanza. Chini kumeandikwa nini? Kuna mstari wa kipimo, wa kuonyesha bia ifike wapi? Mkono ni wake au umebandikwa? Na unataka kukipanga kabatini au kukiuza tena? Hujasema hata moja.

Mkwakwani_77: Kamera ya simu imekufa, samahani bibi. Chini ya HB kuna neno Germany, na kabla yake kuna neno limefifia. Cha Bass sikukigeuza.

Makorora Juu: Basi hapo pana kazi. Hilo neno likiwa "West", yaani Ujerumani Magharibi, kikombe ni cha kati ya 1949 na 1990. Mjerumani kaondoka Tanga 1916! HB ni Hofbräuhaus, ukumbi wa bia wa Munich huko Ujerumani, na vikombe vyake watalii wananunua mpaka leo. Laki na nusu kwa zawadi ya mtalii, hapana.

Bibi Raskazone: Usimkatishe tamaa, neno hajalisoma. Vya kweli vya kijivu walikuwa wanatupia chumvi tanuruni moto ukiwa mkali, ndiyo maana ngozi yake ina vitundu vidogo kama ganda la chungwa la Muheza. Pitisha kidole. Mstari wa kipimo nao uangalie: sheria ya Wajerumani ya 1881 ilivilazimisha vyombo vya baa kuwa nao. Usipokuwepo, uliza kwa nini.

Pongwe Kati: Mimi nasema Bass. Ile pembetatu ndiyo alama ya kwanza ya biashara kusajiliwa Uingereza, 1876. Ina historia.

Makorora Juu: Historia ya alama siyo umri wa kikombe, mkuu. Pembetatu imechapwa kwenye vikombe vya juzi pia.

Kigombe Mkongeni: Ngojeni niwape yangu. Nilinunua kikombe cha namna hiyo kwa muuzaji mmoja wa Dar, kwa picha tu. Kikaja kwa basi, kimefungwa vizuri, nikafurahi kweli. Kilikuwa na nyufa nyembamba za kahawia mwili mzima, nikajua huo ndio uzee wenyewe. Nikakiloweka maji ya vuguvugu nikitoe vumbi. Maji yakageuka rangi ya chai, na yalikuwa chai kweli, harufu ilisema yenyewe! Kesho yake nakishika mkono, mwili ukabaki kwenye beseni. Gundi, juu yake rangi ya kucha. Nampigia muuzaji, ananiambia basi ndilo limevunja. Basi limepaka rangi ya kucha? Hela haikurudi. Sasa hivi naenda na ile taa ya buluu ya kukagulia noti, wenye maduka ya M-Pesa wanayo. Ukimulika gizani, gundi na rangi mpya mara nyingi hung'aa tofauti na udongo.

Mkwakwani_77: Daah. Taa hiyo nitaazima.

Ustadh wa Duga: Nyumba ya Muislamu, kikombe cha pombe cha nini?

Kigombe Mkongeni: Shehe, kinapangwa kabatini, hakinywewi.

Ustadh wa Duga: Mgeni akiingia ataelezwa hivyo mlangoni?

Pongwe Kati: Mbona hamjauliza sheria? Vitu vya kale ni mali ya serikali, atakamatwa.

Makorora Juu: Acha kutisha watu. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya 1964, na vitu vinavyohesabiwa vya kale kwa umri ni vilivyotengenezwa kabla ya 1863. HB ya Mjerumani wa Tanga haifiki huko, reli yake yenyewe ya Usambara, ya hapa Tanga, imeanza kujengwa 1893.

Pongwe Kati: Na kukisafirisha nje?

Makorora Juu: Nani kasema anasafirisha?

Bibi Raskazone: Wanangu, zile chupa za udongo za kinywaji cha tangawizi nani anazo? Mashamba ya mkonge zilikuwa zinatupwa tu. Nanunua, yenye maandishi, isiwe imemeguka mdomo.

Kigombe Mkongeni: Bibi ninazo mbili, moja imemeguka kidogo sana. Utatoa ngapi?