Rangi ya manjano na bitiruti haishiki kwenye pamba. Nakosea wapi?

Shadajeupe:
Wakuu, naombeni ushauri. Nina uzi wa pamba gramu 300 na kipande cha kitambaa cha pamba. Uzi nimeuchemsha na manjano ya unga, kitambaa na bitiruti, nusu saa kila kimoja, kisha nikatia chumvi na siki ili rangi ishike. Ya bitiruti imetoka yote kwenye kusuuza. Ya manjano ilikolea, ila uzi ulipogusa sabuni ukatoa madoa mekundu, na upande ulioelekea dirishani umepauka ndani ya wiki. Shada la uzi pia lina mistari myeupe pale nilipolifunga. Nataka rangi ya dhahabu inayodumu. Nifanyeje?

Mchovyaji:
Bitiruti achana nayo, rangi yake haina namna ya kujishikiza kwenye pamba na moto wenyewe unaiharibu. Manjano hushika bila dawa yoyote, lakini jua huyamaliza haraka hata ukiyatilia dawa. Hayo madoa mekundu ni magadi yaliyomo kwenye sabuni; matone machache ya siki kwenye maji ya kusuuzia yatarudisha unjano. Chumvi na siki hazishikishi rangi za mimea kwenye pamba, ushauri huo unasambaa sana na unapotezea watu vitambaa.

Kwa rangi ya dhahabu tumia maganda makavu ya vitunguu maji. Lakini kosa kubwa liko kabla ya rangi: pamba yako haikutakata. Dondoshea tone la maji kwenye kitambaa kikavu. Likikaa juu kama shanga, bado kina nta na rangi haitaingia. Likizama papo hapo, kiko tayari. Kutakatisha: lita 10 za maji, magadi ya kufulia gramu 12, sabuni kidogo, chemsha moto mdogo saa 1. Maji yakitoka na rangi ya chai, mwaga urudie.

Komamanga:
Naongezea hapo. Pamba haishiki shabu (chumvi nyeupe ya madini inayoshikisha rangi) vizuri yenyewe, inahitaji tanini kwanza, yaani ule ukakasi uliomo kwenye maganda. Chemsha gramu 75 za maganda makavu ya komamanga saa 1, chuja, acha yapoe hadi mkono uvumilie, loweka uzi saa 2. Kamua, usisuuze.

Kisha shabu gramu 60, yaani asilimia 20 ya uzito wa uzi ukiwa mkavu. Pima kwa mizani, vijiko vinadanganya. Yeyusha kwenye maji ya moto. Magadi gramu 9 yayeyushe pembeni na uyamimine kidogo kidogo, maana yanafura povu na yanaweza kufurika. Hapo ongeza maji ya vuguvugu mpaka uzi uelee, uache ulale humo usiku kucha bila moto. Asubuhi suuza kidogo tu.

Shadajeupe:
Asanteni sana. Maganda ya vitunguu kiasi gani? Na hiyo mistari myeupe?

Mchovyaji:
Gramu 150 zinatosha, ukitaka ikolee zaidi weka 300. Chemsha saa 1 na uchuje. Usiache maganda humo, yanaacha madoa pale yanapogusa uzi. Tia uzi ukiwa umelowa, moto mdogo dakika 45, kisha uache upoe ndani ya sufuria. Sufuria iwe ya chuma cha pua, na usiipikie tena chakula.

Mistari inatokana na kamba iliyokaza. Funga shada sehemu nne, kwa kitanzi chenye umbo la nane, kidole kipite ndani. Sufuria nayo isiwe imejaa: uzi ukibanana, rangi haifiki katikati.

Kutunyeusi:
Ukitaka kijani cha kaki, baada ya dhahabu chovya kwenye salfeti ya chuma (chumvi ya chuma) gramu 6, chombo tofauti, dakika 10 huku ukigeuza, kisha suuza sana. Usizidishe, chuma kingi huifanya pamba iwe dhaifu na ikatike. Maji ya misumari yenye kutu yanafanya kazi hiyo hiyo ila nguvu yake huwezi kuipima, jaribu kwanza kwenye kipande.

Komamanga:
Kama kuna atakayefuata haya kwa sufu: tanini na magadi viache, magadi huila sufu. Shabu asilimia 15, pandisha moto taratibu kwa dakika 45, maji yasitokote, shikilia saa 1, poza humo humo. Ukiitoa kwenye moto na kuitia maji baridi itasinyaa na kugandamana.

Mchovyaji:
Shadajeupe, kabla ya kuchovya gramu zote 300, jaribu kwa gramu 10. Uzi huo ukikauka kivulini, uzungushie kwenye kadi, funika nusu kwa karatasi nzito, weka dirishani wiki 2. Funua ulinganishe pande mbili, kisha leta majibu hapa.