Stika zangu za Kombe la Dunia 1982, 1986 na 1990: niuze nipate nguzo za zabibu, au nibaki nazo?

Wa_Hombolo

Mbukwenyi wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa yeyote aliyewahi kuuza kitu alichokitunza tangu utotoni.

Nina albamu tatu za stika za wachezaji za Panini: Hispania 1982, Mexico 1986 na Italia 1990. Zaidi ya hizo kuna bahasha ya stika za ziada ambazo hazijawahi kubandikwa, karatasi ya mgongoni bado ipo. Marehemu baba alikuwa dereva wa misheni huku kwetu, na padre mmoja Mwitaliano kila akirudi likizo kwao alituletea pakiti, mimi na kaka yangu. Ile ya 1982 aliijaza kaka, mimi nilikuwa mdogo mno, kazi yangu ilikuwa kushika taa.

Vijana wa sasa nawaomba mnielewe. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Mpira wa dunia kwetu ulikuwa sauti ya redio. Kameruni walipoifunga Argentina 1-0 tarehe 8 Juni 1990, bao la kichwa la Omam-Biyik, watu mtaani walishangilia wachezaji ambao hawajawahi kuwaona hata kwenye picha. Sisi sura tulikuwa nazo. Nyumba ilijaa watoto wa jirani waliokuja kuzitazama.

Sasa nina ekari moja Hombolo nataka kupanda zabibu. Pingili nimeshaahidiwa, maji ya kisima yapo, kilichonikwamisha ni nguzo na waya. Mkusanyaji mmoja wa Italia tuliyefahamiana mtandaoni ametoa bei ya vyote kwa pamoja, na hiyo bei inamaliza ekari nzima na kubakiza ya vibarua. Hesabu ya shamba naijua. Nisichokijua ni nitajisikiaje baadaye. Mliouza, mlikuwaje baada ya mwezi? Baada ya mwaka? Natanguliza shukrani.

KijanaWaNkuhungu

Mkuu, hizo ni karatasi. Zabibu zitasomesha watoto. Uza.

Mstaafu_Singida

Kijana, shamba ni jambo jema na hakuna anayelipinga. Mwenzako ameuliza kuhusu moyo, tumjibu alichouliza.

Mdogo wangu, mimi niliuza. Nilisoma Marekani mwishoni mwa miaka ya themanini nikarudi na kadi za mpira wa kikapu, mojawapo ya Michael Jordan ya kampuni ya Fleer ya 1986. Mwanzoni mwa 2021, wakati wa korona, watu wa kule walikuwa wamefungiwa ndani na bei za kadi zikapaa. Jordan ya aina hiyo yenye daraja 10, yaani la juu kabisa kwa ubora, iliuzwa dola 738,000. Yangu pembe zilishalika, nikapata sehemu ndogo sana ya hizo, lakini ilitosha matibabu ya mke wangu, na leo yuko hapa anapika. Kwa hiyo ukiniuliza kama ningeuza tena, ningeuza asubuhi hiyo hiyo.

Lakini nikueleze na upande wa pili. Wiki za mwanzo nilikuwa mwepesi kabisa, nikajiambia kumbe haikuwa kitu. Huzuni ilikuja miezi kadhaa baadaye, alipotutembelea kijana anayependa kikapu. Mkono wangu ulikwenda kwenye droo wenyewe. Kadi ile nilipewa na rafiki niliyekaa naye chumba kimoja chuoni, ambaye ameshatangulia mbele ya haki. Kila nilipoitoa, habari zake zilitoka nayo. Siku hizi kumtaja inabidi nianze mwenyewe, na mara nyingi sianzi.

Bei zikashuka sana baada ya pale, watu wakanipongeza kwamba niliuza kwa wakati. Pongezi zile hazikugusa kabisa mahali panapouma. Nakuambia hivi ili ujue: hela inajibu maswali ya hela tu. Kaa uandike habari za huyo padre na marehemu baba kabla stika hazijaondoka, ziandike kwa majina na mahali, maana ukishaziachia utashangaa zinavyofifia haraka.

Mama_Kondoa

Shikamoo mzee wa Singida, na pole kwa yote. Umesema jambo ambalo sijawahi kulisikia likisemwa.

Kaka wa Hombolo, nina swali moja kabla ya ushauri. Umesema albamu ya 1982 aliijaza kaka yako. Yeye anasemaje?

Nauliza kwa sababu mjomba wangu alikuwa na stempu, madaftari manne, alizikusanya tangu enzi za ukoloni. Aliziuza ili amalizie mahari ya kijana wake, sababu nzuri na ya heshima. Ila aliuza kimya kimya. Watoto walikuja kugundua siku ya Idi, wajukuu walipoomba kuonyeshwa. Yule mzee hakulilia stempu hata kidogo; alichokuwa akirudia mpaka anafariki ni kwamba hakuwapa wanawe nafasi ya kuchagua hata moja ya kubaki nayo. Binti yake angechagua ile ya twiga, kila mtu alijua.

DarajaNane

Nimekuwa kwenye mambo ya kadi na stika muda mrefu, niko Ipagala. Niseme ya upande wa biashara maana naona hayajaguswa.

Panini ni kampuni ya Modena, ilianza 1961, albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia ni ya 1970. Kwa hiyo zako si za mwanzo, na albamu iliyojazwa na mtoto, stika zimekaa upande, mara nyingi haina bei kubwa. Thamani yako iko kwenye ile bahasha. Umeitaja kama kitu cha nyongeza, na mnunuzi akisikia hivyo atafurahi. Angalia humo kama kuna Maradona wa 1986 mwenye karatasi ya mgongoni. Kama yupo, usimweke kwenye bei ya jumla.

Kuna kampuni Marekani, PSA ndiyo inayojulikana zaidi, zinakagua kadi au stika, zinaipa daraja kuanzia 1 hadi 10 na kuifungia kwenye kasha gumu la plastiki. Wanatazama pembe nne, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Vitu viwili vinavyofanana kwa macho yangu na yako vinaweza kupishana bei sana kwa sababu ya pembe moja iliyojikunja. Hali ya hewa ya Dodoma imekusaidia, ukavu huu unatunza karatasi kuliko unyevu wa Dar. Adui wetu huku ni mchwa na vumbi. Usizisafishe kwa kitambaa, na selotepu isizikaribie.

Halafu kuhusu kuuza. Kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, ya kampuni ya Topps ya 1952, ilipigwa mnada dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022. Aliyeiuza aliinunua 1991 kwa dola 50,000, akakaa nayo miaka 31. Na kadi za toleo hilo hilo zilizokosa wateja, Topps walizipakia kwenye tishari na kuzimwaga Atlantiki mwaka 1960. Hayo aliyasimulia Sy Berger mwenyewe, aliyezibuni. Habari kama hizi ndizo zinazowafanya watu wang'ang'anie kila kipande wakingoja bei. Zako hazitafika huko kaka, usizishikilie kwa ajili hiyo. Wengi ninaowafahamu waliouza wakatulia ni wale waliokuwa na kazi maalumu ya hela na wakabakiza kitu kimoja. Waliouza vyote ili tu waone watapata ngapi, hao ndio wananipigia simu kuniuliza kama mnunuzi anaweza kurudisha. Hawezi.

Wa_Hombolo

Asanteni sana. Mzee wangu wa Singida shikamoo, nimeyasoma maneno yako mara kadhaa, na jana nimeanza kuandika.

Mama Kondoa, swali lako lilinikosesha usingizi, nikampigia kaka. Yuko Mwanza. Nilidhani atasema uza, maana yeye ni mtu wa vitendo. Akaniuliza kwanza kama Zico bado yupo. Nikamwambia yupo, na Socrates pia. Basi akaanza kunisimulia siku Brazil walipofungwa 3-2 na Italia, mabao yote matatu ya Paolo Rossi, jinsi padre alivyokuja nyumbani jioni kumpa pole kama msiba, kisha akashindwa kuficha furaha yake. Mimi hilo sikulijua, nilikuwa nimelala. Tumeongea mpaka salio likaisha. Mwisho akasema shamba ni muhimu, niuze vya kwangu nitakavyo, ila ile yake ya 1982 nimpelekee nikienda.

Kwa hiyo 1982 inakwenda Mwanza. Italia 1990 nabaki nayo kwa sababu ya Kameruni, nimeona siwezi na sitajilazimisha. Naachia Mexico 1986 pamoja na bahasha. Maradona yupo, wawili. Nimemwandikia Mwitaliano kwamba tunaanza upya na kila Maradona ana bei yake. Hata hivyo hela haitafika ekari nzima, nitaanza na nusu.

Mama_Kondoa

Nusu ekari ukiihudumia vizuri inazidi ekari iliyotelekezwa. Shemeji yangu ana zabibu Mpunguzi, alianza hivyo hivyo. Kwenye nguzo usifuate bei rahisi, miti laini mchwa wanaimaliza kabla hujavuna mara ya pili.

KijanaWaNkuhungu

Nimejifunza, wakuu. Mkuu wa Hombolo, hizo za 1990 naweza kuja kuziona siku moja? Sijawahi kuona stika ya miaka hiyo.

Wa_Hombolo

Karibu Jumapili baada ya ibada, nitakutumia maelekezo. DarajaNane, Mwitaliano ameomba picha za pembe zote nne za kila Maradona, mbele na nyuma. Nipige juani au ndani?

DarajaNane

Kivulini, karibu na dirisha, asubuhi kabla vumbi halijaamka. Weka karatasi nyeusi chini ili kingo zionekane. Na kifurushi kisitoke mkononi mwako kabla hela haijaingia; kikitoka kiende kwa EMS na bima, kimebanwa kati ya kadibodi mbili ngumu.