Besiboli: refa mmoja kaona mpira umeanguka, mwenzake kasema auti, kwa nini wasiulizane?

baba_junia:
Wakuu habari za jumapili, naomba kueleweshwa maana nimelala na hasira. Niko huku Ohio mwaka wa sita, besiboli nimeanza kuifuatilia juzijuzi tu kwa sababu kijana wangu wa miaka 11 kajiunga na timu ya watoto mtaani. Sasa jana dogo kapiga mpira ukatambaa chini, katoka mbio kwenda besi ya kwanza (kituo anachotakiwa kukikanyaga kabla mpira haujadakwa pale), yule mtoto wa besi kaudaka halafu ukamponyoka kwenye glavu ukaanguka upande wa pili, refa aliyesimama pale hakuona kwa sababu mgongo wa mtoto ulimziba, akanyanyua ngumi, auti, yaani dogo katolewa, wakati mpira ukianguka hajatolewa! Refa mkubwa anayekaa nyuma ya mpigaji alikuwa anatazama kule kule, mpira uko chini wazazi wote tunauona, yeye kimya kama vile hayupo. Kocha kaenda kuwaomba waulizane, yule wa besi kamjibu nimeshaamua, imeisha. Hivi kuna ubaya gani watu wawili kusogea pembeni nusu dakika wakanong'onezana? Au ni kiburi tu?

mzee_wa_glavu:
Pole mkuu. Ila yule mkubwa usimlaumu, sheria ndo imemfunga mdomo. Ampaya (ndivyo wanavyoitwa kwenye huu mchezo) haruhusiwi kukosoa wala kutaka kugeuza uamuzi wa mwenzake mpaka yule aliyeamua amuombe mwenyewe. Yaani ufunguo kaachiwa aliyekosea, na aliyekosea hajui kama kakosea, angejua si asingekosea??

Lakini wakiulizana inawezekana kabisa. Mwaka 2004, Yankees ya New York na Boston Red Sox, mechi ya sita ya kugombea kwenda fainali, ampaya waligeuza maamuzi mawili usiku mmoja, tena uwanjani kwa Yankees. Kwanza Mark Bellhorn wa Boston kapiga mpira ukavuka ukuta ukampiga shabiki ukarudi ndani, ampaya wa upande wa kushoto wa uwanja kasema haujatoka, wakakaa kikao wakasema umetoka, pointi tatu. Baadaye Alex Rodriguez wa Yankees anakimbilia besi ya kwanza akaupiga kofi mpira kwenye glavu ya Bronson Arroyo wa Boston, ukadondoka, mwenzake Derek Jeter aliyekuwa besi ya kwanza akakimbia mpaka nyumbani (besi ya mwisho, pale anaposimama mpigaji) kufunga, ampaya wa besi ya kwanza kasema sefu, yaani hajatolewa. Wakajikusanya tena, mwenzao alikiona kile kofi, Rodriguez auti, Jeter rudi besi ya kwanza. Mashabiki wakatupa vitu uwanjani mpaka polisi wakaingia, ila uamuzi ulikuwa sahihi. Boston wakashinda 4-2.

kipanga_2:
Hizo mechi kubwa zina ampaya sita wakuu, msimu wa kawaida wanne, huko kwa watoto wawili na mmoja pengine ni mwanafunzi anatafuta hela ya vocha.

Halafu mnasahau kitu, uamuzi ukishatamkwa watu wanaufuata. Ampaya kapaza sauti FAULO (mpira umetoka nje ya mistari), wakimbiaji wanasimama, walinzi wanaacha kuufuata mpira, dakika moja baadaye unasema samahani haikuwa faulo, sasa yule aliyekuwa besi ya kwanza unamweka wapi, ya pili au ya tatu? Sheria inawaruhusu kuwapanga wanavyoona wangefika, ila hapo ni kubashiri tu. Na ukikubali leo, kesho kila kocha atataka kikao kwa kila mpira, hao watoto watafika nyumbani saa ngapi?

mama_wa_mapacha:
Kipanga kwenye faulo nakuunga mkono, lakini mpira wa huyu dogo si faulo, ni swali moja tu, ulianguka au haukuanguka, uliza uliyenaye mrudi kazini.

Na mzee wa glavu hapo juu hajasema, ampaya wa kushoto usiku ule wa 2004 alikuwa Jim Joyce. Wenzake walimsaidia. Mwaka 2010 akiwa Detroit yuko besi ya kwanza, Armando Galarraga, mrushaji mpira kutoka Venezuela, kawatoa wapigaji 26 mfululizo hakuna hata mmoja aliyefika besi, bado mmoja tu aandike historia, wa 27 kafika akiwa kachelewa waziwazi, Joyce kasema sefu. Hakumuuliza mtu, hakuwa na shaka. Kaona marudio baada ya mechi, kalia, kamuomba msamaha kijana wa watu. Wakubwa wa ligi wakakataa kugeuza. Kesho yake Galarraga ndo akampelekea karatasi ya majina ya wachezaji pale besi ya nyumbani na Joyce machozi yanamtoka tena. Mimi hapo huwa nalia nao jamani.

Video zilikuwepo ila wakati ule ziliruhusiwa kwa homurani tu (mpira uliopigwa ukavuka ukuta), tangu 2008. Makocha wameanza kupinga maamuzi kama hayo 2014, watu wa ligi walioko New York wanaangalia marudio wanatoa jibu.

kipanga_2:
Sawa mama, ila Joyce hata angeulizwa angesema ana uhakika. Uwaite wenzake kwa nini sasa?

mama_wa_mapacha:
Ndo maana nataka wenzake waruhusiwe kujiita wenyewe! Aliyeona asogee, amnong'oneze, basi.

baba_junia:
Asanteni wakuu nimeelewa, yule mkubwa nimemsamehe. Sasa sikieni. Leo asubuhi nikamwambia dogo nitaenda kuongea na viongozi wa ligi, kaniangalia kaniambia baba usiende, mpira ulianguka kweli ila mimi besi sikuikanyaga, niliiruka. Naombeni msimwambie kocha.