Tupeane uzoefu: sonona baada ya kujifungua, ulitokaje?

Wapendwa, mwanangu ana miezi saba na ndiyo kwanza napata nguvu ya kuandika haya. Nilijifungua salama. Mama alikuja kutoka Moshi na ndizi za mtori, nikakandwa, sikukosa kitu. Lakini mtoto akilia, nilitazama ukuta. Akilala, mimi macho makavu mpaka alfajiri. Wageni wakisema "hongera mzazi", natamani waondoke naye. Wazo lile lilinitisha, nikalificha.

Wiki ya 6 nikampeleka chanjo. Nesi alimpima uzito, kisha akanigeukia: "Na wewe mama, unalala?" Nililia pale pale kwenye benchi. Akaniingiza chumba cha ndani, akaniuliza maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, likiwemo kama nimefikiria kujidhuru. Nilisema ukweli. Nikapewa rufaa, nikawa naenda kuongea na mtaalamu kila wiki, baadaye nikaanzishiwa dawa. Daktari aliichagua akijua nanyonyesha.

Mliopitia, semeni kilichowasaidia.

Mchangiaji, Tanga:
Pole mwaya. Mimi walisema nina jini, nikanyweshwa kombe mpaka mtoto akafika miezi 4. Siwalaumu, walinihangaikia kwa walichokijua. Mbali na hospitali, aliyeniokoa ni wifi yangu: kila alfajiri mtoto akishanyonya, anamchukua, nalala masaa matatu bila kuitwa.

Mchangiaji, baba wa mmoja:
Likizo yangu ilikuwa siku 3. Nikarudi kazini nikidhani mke wangu anadeka. Usiku mmoja akaniambia, "Nyie mtaishi vizuri nisipokuwepo." Tulikwenda hospitali usiku ule ule. Wababa wenzangu, neno kama hilo msilisubirishe kupambazuke.

Mchangiaji, muuguzi:
Machozi ya siku za mwanzo kwa wengi huisha ndani ya wiki 2. Yakizidi hapo, njoo useme. Mzazi akianza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, hiyo ni dharura: msimwache peke yake na mtoto, mleteni siku hiyo hiyo.

Mchangiaji:
Mimi niko wiki ya 9 tangu nijifungue. Sijamwambia mtu. Nesi unamwanzaje?

Mleta mada:
Mwambie, "Silali hata mtoto akilala." Basi, yeye ataendelea kukuuliza. Niandikie pembeni uko mkoa gani, mdogo wangu. Kama ni Dar, kesho nakusindikiza.