Riwaya za fumbo za pwani: je, majuto yanatosha kuwa adhabu?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Riwaya za fumbo za pwani zina mtindo wake tunaoujua sote. Mtu anapotea baharini, familia inafunga mdomo miaka ishirini, kisha mjukuu anarudi kwenye nyumba kuu iliyo juu ya mwamba na kuanza kuchokonoa. Kurasa za mwisho tunagundua kuwa mzee alihusika, shangazi alijua, na mama ndiye aliyelifua lile shati. Hapo mwandishi anataka tuseme yaishe, maana mzee amejuta vya kutosha. Hajapata usingizi wa maana tangu usiku ule.

Mimi naona tunapunjwa. Majuto ni ya aliyetenda. Aliyetendewa hayamfikii.

Si jambo la jana wala juzi. Mwaka 1938 Daphne du Maurier alitoa Rebecca. (Ambaye hajaisoma aniwie radhi, kitabu kina zaidi ya miaka 80.) Mume anamuua mkewe kwa risasi, anaupakia mwili kwenye mashua ya marehemu, anaitoboa na kuizamisha. Baadaye anaitambua maiti ya mwanamke mwingine kuwa ndiye mkewe, inazikwa. Siku meli inapokwama karibu na pwani ile, mpiga mbizi anaikuta mashua, na mwili bado umo ndani. Uchunguzi unaamua kwamba mke alijiua mwenyewe. Mume anatoka huru, mke wa pili anajua kila kitu, na sisi wasomaji tunajikuta tunamwombea asikamatwe!

Hitchcock alipoitengenezea filamu mwaka 1940, kanuni za maadili za Hollywood za wakati ule hazikuruhusu muuaji aponyoke. Ikabidi mke aanguke na kugonga kichwa, ikawa ajali. Siwasifu wale wakaguzi hata kidogo: walimwokoa mume kwa kumfutia kosa lenyewe. Angalau du Maurier alituachia hatia tuibebe.

Sasa nitazame bahari, maana ndiko waandishi wengi wanakojificha. Wanaandika ukungu na mawimbi kana kwamba maji ndiyo yaliyotenda. Lakini maji yana ratiba. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na ushei. Kila mkazi wa pwani anaijua hesabu hiyo bila kutazama saa. Ndiyo maana nikisoma kwamba mzee "alipandwa na ghadhabu ya dakika moja", halafu ukurasa unaofuata anasubiri maji yaanze kupwa ndipo ausukume mwili uende na mkondo, nacheka. Huyo amepewa saa sita za kubadili nia, amekaa nazo gizani, na hakubadili. Vivyo hivyo na bamvua: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali kuliko siku nyingine, na mwamba usioonekana siku za maji mafu unatoka wazi. Mwandishi hodari huliacha bamvua limuumbue mhusika. Mvivu huleta dhoruba.

Na yule anayesubiri je? Mke wa aliyepotea hupewa mistari minne, kwa kawaida akiwa dirishani. Si mjane, si mke. Huko Uingereza, mtu ambaye hakuna ushahidi wa uhai wake kwa miaka 7 anaweza kutangazwa na mahakama kuwa amefariki. Hebu fikiria miaka hiyo saba: mirathi imekwama, hajui avae nguo za msiba au aendelee kupika kwa watu wawili, na anayejua jibu ameketi mbele yake mezani, anaomba apitishiwe chumvi. Sura hiyo ndiyo ninayoitaka, na ndiyo isiyoandikwa.

Sidai pingu. Nadai ukweli umfikie huyu mama kabla kitabu hakijafungwa. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, unaigeuza riwaya kuwa mahakama. Tumezoeshwa na Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tangu mwaka 1960: mwishoni anawasha kiko chake, anatufumbulia yote, tunalala. Si kila familia ina Bwana Msa. Halafu unawafunga kamba moja mzee na shangazi. Shangazi alikuwa na watoto wa kulea, na kunyamaza kwake ndiko kulikowaweka chini ya paa. Angesema, angemfikisha nani wapi? Kuna ukweli ambao ukiufikisha umeua mara ya pili. Mimi mwisho wenye majuto matupu ndio ninaouamini, kwa sababu nimeona wazee wakizeeka nao.

Mchangiaji wa pili:
Nyote wawili mmemsahau mjukuu. Ana miaka ishirini na kitu, hakuua wala hakuficha, lakini ndiye anayeachiwa aamue nani ajue. Huo ni uonevu, na waandishi wanauita "kukua".

Mleta mada:
Mkuu wa kwanza, shangazi nakuachia nusu. Aliyenyamaza kwa hofu si sawa na aliyeua, na riwaya inayowatofautisha vizuri nitaisoma mara mbili. Ila chunguza ile nyumba juu ya mwamba ni ya nani sasa. Mara nyingi aliyenyamaza kwa ajili ya watoto ndiye pia aliyebaki na hati. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata haikurithi nyumba. Hapo huruma yangu inapungua, na nataka mwandishi aniambie waziwazi kimya kile kilimletea shangazi nini, si kilimuuma vipi tu.

Mchangiaji wa pili, umenigusa. Mjukuu huwa anaikuta barua kwenye kasha, anaisoma, analia, anaichoma ufukweni, na tunaambiwa amepata amani. Barua yenyewe haikuandikwa kwake! Nitajieni riwaya moja ya aina hii ambamo barua inafika kwa yule mama kwanza, bado imefungwa, na mwandishi anathubutu kubaki chumbani anapoifungua. Nitaitafuta leo hii.