Konokono wa Kigamboni mwenye ganda la mawimbi, nimchemshe?

MamaSabra:
Wakuu habari za jioni. Bamvua hili maji yamekupwa mbali, mdogo wangu kaenda Kigamboni na wenzake, karudi na konokono kwenye ndoo. Ganda jembamba, urefu wa kiganja, jeupe lenye mawimbi ya kahawia, mdomo umepanuka upande mmoja. Kuna kamrija kanatokeza na kurudi. Watoto wanalitaka ganda. Nimchemshe atoke? Jirani anasema huyu anachoma watu, mimi konokono kuchoma mtu sijapata kusikia.

Chapa_Kazi:
Tia nazi dada 😂

MzeeWaKunduchi:
Mpuuze huyo. Na mkono usiingie kwenye ndoo.

Hizo ni dalili za koni, konokono wa baharini mwenye sumu, na kwa mdomo uliopanuka hivyo namshuku Conus geographus, mbaya kuliko wote. Anakula samaki. Mchana hujifukia mchangani, usiku anatoka kuwinda. Jino lake limekuwa chusa, lina uwazi ndani, sumu inapita humo. Mrija unaouona ni wa kuvutia maji na kunusia. Mkonga wa kuchomea umejificha chini yake. Vijana huambiana "shika upande mnene, huku hafiki". Uongo mtupu, mkonga unarefuka. Nimezamia tangu ujana na koni aliye hai simtii mfukoni, wala ndani ya bukta kama wafanyavyo vijana wa ufukwe wa Coco.

Kinachonitisha, pengine mtu hasikii maumivu yoyote. Baadaye midomo inakufa ganzi, anaona viwiliviwili, anashindwa kumeza, mwisho pumzi. Dawa ya kuizima sumu hiyo haipo. Hospitali wanamsaidia kupumua kwa mashine mpaka imtoke, na wapo waliopona hivyo. Kwa hiyo msichanje, msifyonze, habari za mkojo acheni. Zungusheni bendeji pana kiungo kizima, asitembee, mbebeni mbio.

MamaSabra:
Mungu wangu. Nimefunika kwa sinia na tofali juu. Ila si nasikia wanatengenezea dawa hao?

MzeeWaKunduchi:
Kweli, ila ni kwa ndugu yake, Conus magus. Dawa inaitwa zikonotaidi, Marekani waliipitisha 2004, ya maumivu yaliyoshindikana. Inaingizwa kwa pampu kwenye maji ya uti wa mgongo. Huyu wako ana vituko vyake: kwenye sumu yake wamekuta insulini. Samaki sukari inawashuka, wanalegea, naye anawafunika kwa mdomo mpana kama chandarua.

MamaSabra:
Sasa usiku huu nimfanyeje?

MzeeWaKunduchi:
Mwache hapo hapo, watoto wasisogee. Kesho mdogo wako apande mtumbwi na ndoo yake, aimimine kwenye kina, mbali na wanapochokoa pweza kina mama. Ganda tupu watoto wataokota ufukweni, ila mkubwa achungulie kwanza kwa kijiti kirefu. Koni akijivuta ndani, utadhani hamna kitu.